Macho Mengi, Taa Moja

Haya ni maneno niliyowaambia mafundi wa stima, watunza ploti na wenye nyumba tulipokutana Umoja, hapa Nairobi. Waliokuwa kazini siku hiyo waliomba niyaandike yote. Michoro niliyochora ubaoni nimeiacha. Palipohitaji mchoro nimeeleza kwa maneno.

Mwenyekiti, wazee wa mtaa, kina mama wenye ploti, mafundi wenzangu, na nyinyi vijana mliobana karibu na mlango kama watu wanaongoja matatu: hamjambo? Hamjambo tena? Sawa. Nilitaka kujua kama mko macho, maana leo tunazungumza habari za macho.

Niliombwa niseme juu ya usalama wa ploti zetu usiku. Usalama ni neno pana, na wanasiasa wamelitafuna hadi limekwisha ladha. Mimi nitashika kitu kinachoenea kiganjani: sensa. Kile kijicho cheupe cha ukutani, mtu akipita taa inawaka, akienda zake inazimika. Sensa moja, kila fundi aliyeketi hapa anaifunga huku akisinzia. Taabu huanza zikiwa mbili. Zikiwa tatu, nimeona watu wazima wakidaiana pesa walizokwisha kulipana.

Basi swali langu ni hili. Ploti ina geti mbele, ujia ubavuni na uwanja wa kuanikia nguo nyuma. Mwenyewe anataka mtu akipita mahali popote kati ya hapo, taa ziwake. Sensa ni tatu. Taa iwe moja au ziwe sita, haidhuru. Utazifungaje?

Jibu langu mtalisikia mara nyingi leo na sitachoka kulirudia: kila jicho lile chakula chake, kengele iwe moja.

Nianze na aibu yangu mwenyewe. Nilipokuwa bado kijana wa kumbebea fundi ngazi, niliachiwa kazi Dandora peke yangu. Sensa mbili, moja getini, nyingine mlango wa nyuma, na taa moja kubwa uani. Nikawaza kama wakimbiaji wa kupokezana kijiti: ya geti ikiona mtu, iikabidhi ya nyuma, ya nyuma iwashe taa. Nikachukua waya unaotoka sensa ya geti nikauingiza sensa ya nyuma kama laivu yake, yaani waya wa kuiletea stima. Waya kidogo, kazi safi, nikalipwa, nikaenda kula chapo madondo.

Jioni mama mwenye nyumba akatoka jikoni kuanua nguo. Giza. Akapunga mikono. Giza. Akamtuma mtoto akarukeruke getini, kisha yeye akaendelea kupunga mikono kule nyuma. Taa ilipowaka, nguo zilikuwa zimekwisha kuanuliwa kwa tochi ya simu. Mnacheka? Mimi sikucheka kesho yake asubuhi.

Kosa lilikuwa wapi? Nilidhani sensa ni swichi. Swichi haili, ni mlango tu, unafunguliwa, unafungwa. Sensa ni soja, mlinzi wa usiku. Ili akeshe, lazima ale. Ndani yake mna saketi inayotaka stima saa zote, mtu awepo asiwepo. Tena ukiipa stima haiamki papo hapo. Nyingi huchukua kama nusu dakika, nyingine zaidi, kabla ya kuanza kuona sawasawa. Mimi nilikuwa nimemnyima soja wa pili chakula mpaka soja wa kwanza apige kelele. Mtu akiruka ukuta wa nyuma, nani angemwona? Soja mwenye njaa?

Ule ufungaji unaitwa mfululizo. Ukifunga mfululizo, unaiambia taa: waka sensa *zote* zikikubali. Mwenye ploti hakutaka zote. Alitaka *yoyote*. Shikeni hayo maneno mawili, zote na yoyote, maana mkiyatofautisha vichwani mikono itajua la kufanya.

Yoyote hufungwa sambamba. Sensa ya kawaida ya ukutani ina nyaya tatu. Laivu inaingia. Nyutro, waya wa kurudishia stima, inaingia. Waya wa tatu unatoka kwenda kwa taa. Laivu ile ile moja ifike kwa sensa zote tatu, moja kwa moja, bila kupitia tumbo la mwenzake. Nyutro vivyo hivyo. Halafu zile nyaya za tatu, zinazotoka, zikutane zote mahali pamoja ndani ya kisanduku cha maungio, na kutoka hapo waya mmoja uende kwa taa. Upande wa pili wa taa unarudi kwenye nyutro. Basi. Ya geti ikiona, taa inawaka. Ya ujia ikiona, taa inawaka. Zikiona zote tatu kwa pamoja, taa ni ile ile, haiwaki mara tatu. Na itazimika pale sensa ya mwisho itakapomaliza kuhesabu muda wake. Kila jicho lile chakula chake, kengele iwe moja.

Hapo nisimame kidogo kwa ajili ya rangi. Wazee wa kazi hii tulilelewa na nyekundu kuwa laivu na nyeusi kuwa nyutro. Nyumba nyingi za Eastlands bado ziko hivyo ndani ya kuta. Rangi za siku hizi ni kahawia kwa laivu na buluu kwa nyutro. Sasa fungua sensa nyingi za bei ya kawaida zinazouzwa Luthuli Avenue: kahawia, buluu, na nyekundu. Mzee anaona nyekundu, mkono wake unasema laivu wenyewe. Kumbe nyekundu hapo ndiyo inayotoka kwenda kwa taa! Anafunga, haiwaki, anarudi dukani kugombana na kijana wa watu kwamba amemuuzia sensa mbovu. Soma mchoro ulio mgongoni mwa sensa. Umri wako katika kazi haujui kiwanda kimechagua rangi gani.

Na waya wenyewe. Tumezoea kebo ya laivu, nyutro na athi, ule waya wa usalama unaokwenda ardhini. Lakini kati ya sensa na sensa unahitaji laivu, nyutro, waya wa taa, na athi. Hesabu: nne. Kebo yako ina tatu. Fundi mwenye haraka hufanya nini? Anauchukua ule waya wa athi, mara nyingi ni shaba tupu isiyo na ngozi, anaufanya waya wa taa. Ndugu zangu, nimefungua kisanduku kimoja cha namna hiyo Kariobangi nikakaa chini kwanza. Shaba tupu, ina volti 240 kila paka akipita, na fundi atakayekuja kesho anaiamini kwamba ni athi. Wahenga walisema rahisi ghali. Nunua kebo ya nyaya nne, au pitisha nyaya moja moja ndani ya paipu.

Sasa nafika mahali ambapo naomba hata wale wa mlangoni wasogee.

Kulikuwa na jengo la ghorofa nne, mtaa sitautaja, mwenye jengo ni mtu mwema na fundi bado ni rafiki yangu. Jengo kubwa namna hiyo haliletewi fezi moja, yaani laivu moja kutoka nje. Linaletewa tatu, na nyumba zinagawanywa: hizi fezi ya kwanza, zile ya pili, zile nyingine ya tatu. Fundi akafunga sensa ya mbele, akachukua laivu karibu na geti. Akafunga ya nyuma, akachukua laivu kwenye ngazi za nyuma, kwa sababu ilikuwa karibu na yeye alikuwa amechoka. Nyaya zinazotoka akazikutanisha vizuri kabisa, sambamba, kama nilivyowaambia. Akajaribu ya mbele: inawaka. Akajaribu ya nyuma: inawaka. Akapokea pesa yake.

Siku tatu taa zilifanya kazi. Siku tatu! Usiku wa nne, soja anafungua geti kumwingiza mpangaji, na saa ile ile mpangaji mwingine anashuka ngazi za nyuma kwenda kutupa takataka. Sensa mbili zikaona watu wawili kwa wakati mmoja. Mlio uliosikika ulifanya jirani wadhani transfoma imelipuka. Sensa ya nyuma ilibaki doa jeusi ukutani.

Nini kilitokea? Laivu ya mbele ilikuwa fezi moja, laivu ya nyuma fezi nyingine. Kati ya fezi na nyutro kuna volti 240. Kati ya fezi na fezi kuna 415. Ikiona sensa moja tu, hakuna tatizo, taa inapata 240 yake. Zikiona zote mbili, zile nyaya zilizokutana kwenye kisanduku zinageuka daraja kati ya fezi mbili, bila taa katikati, bila chochote katikati. Fundi alijaribu moja, akajaribu nyingine. Hakujaribu zote kwa pamoja. Nani kati yetu hujaribu zote kwa pamoja? Inueni mikono. Naona mikono mitatu, na mmoja ni wa mke wangu.

Kwa hivyo kabla hujakutanisha nyaya, chukua mita, weka ncha moja kwenye laivu ya sensa hii na nyingine kwenye laivu ya sensa ile. Ikisoma sifuri au karibu na sifuri, ni fezi moja. Ikisoma mia nne na kitu, funga mkoba wako ufikirie upya.

Na hata zikiwa fezi moja, zisitoke breka mbili, zile swichi za usalama za boksi la stima. Kwa nini? Kwa sababu utakuja siku moja kubadilisha sensa ya geti. Utazima breka ya geti. Utapima laivu yake: imekufa. Utashika ule waya wa taa kwa moyo mweupe. Na huko nyuma, kuku wa jirani atapita mbele ya sensa inayokula kwenye breka nyingine, na stima itarudi kwa waya ulioushika. Breka moja kwa sensa zote. Ukizima, zife zote. Nilisema kila jicho lile chakula chake. Sikusema kila jicho liwe na jiko lake. Sufuria moja, sahani tatu.

Ndiyo maana pia nawaambia wenye ploti: ulizeni leseni. Kazi ya kufunga stima nchini inataka mtu mwenye leseni ya EPRA, mamlaka ya serikali inayosimamia nishati na mafuta. Najua leseni haimzuii mtu kuchoka, lakini angalau inakupa pa kuanzia.

Tuache mlipuko, twende kwa macho yenyewe yanaonaje. Sensa hizi hazitoi kitu; zinapokea joto. Kile kioo cha plastiki chenye mistari kinagawanya uwanja vipande vipande, na mwili wako wenye joto ukitoka kipande hiki kuingia kile, sensa inashtuka. Kwa hivyo inamwona vizuri mtu anayeikatiza, akipita kutoka kushoto kwenda kulia. Anayeijia usoni moja kwa moja inachelewa kumwona. Mafundi wengi hufunga sensa juu ya mlango ikitazama geti, na mgeni anatembea akiijia usoni njia nzima. Ifunge ubavuni, kimo cha mita mbili hadi mbili na nusu, ikatize njia.

Nairobi imebarikiwa katika jambo hili. Usiku wetu ni baridi, na Julai mnaijua wenyewe. Mtu anang'aa kwa joto mbele ya ukuta wa baridi. Binamu yangu Mombasa hulalamika kwamba sensa zake haziwaoni watu mbali usiku wa joto, na ni kweli: hewa na ukuta vikikaribia joto la mwili, sensa inakosa tofauti ya kushika. Lakini baridi yetu ina hila yake. Bomba la moshi la jikoni, ukuta ulioota jua mchana kutwa huku nguo zinapepea mbele yake, gari lililoingia sasa hivi na injini bado moto: vyote hivyo kwa sensa ni watu.

Na kuna hili la sensa nyingi, ambalo lilinisumbua wiki mbili ploti moja ya Kayole. Kila sensa ina kitufe kilichoandikwa LUX. Hicho ndicho kinachoiambia giza ni lipi, isiwashe taa mchana. Wapangaji wakasema sensa ya nyuma ni mvivu. Naenda mchana, naifunika, inafanya kazi. Naenda usiku, naijaribu, inafanya kazi. Nikirudi nyumbani, simu: imelala tena. Mwisho nikaenda nikaketi uani na soja, chai ya tangawizi mkononi, tukatazama. Mtu akapita getini; taa zikawaka zote, pamoja na ile inayomulika ukuta wa nyuma. Mtu mwingine akaja nyuma wakati taa zinawaka. Sensa ya nyuma ikatazama, ikaona mwanga, ikajisemea: mchana huu, kazi yangu nini? Ikanyamaza. Muda wa sensa ya geti ukaisha, taa zikazimika, na yule mtu akabaki gizani katikati ya ngazi, ufunguo mkononi.

Unaona? Sensa moja ikiwasha, inawapofusha wenzake. Unaweza kuipindua sensa isitazame taa. Unaweza kupandisha LUX ya zile zinazomulikwa. Lakini ninachokipenda mimi siku hizi ni hiki: LUX za zote naziweka mwisho, upande wa mchana, ili zisijali mwanga kabisa. Halafu naweka fotoseli moja, swichi inayotambua giza na mwanga, juu ya paa, mbali na taa zote, na laivu ya sensa zote inapitia hapo. Jioni fotoseli inafungua chakula, zote zinaamka kwa pamoja, alfajiri inafunga. Jicho moja linajua usiku, mengine yanajua mtu.

Mtasema: lakini si umetuambia chakula kisipitie kwa mwenzake? Swali zuri. Fotoseli haingoji mtu apite. Inafungua mara moja jioni na kuacha wazi usiku kucha. Ile ya Dandora ilifungua pale tu mwizi alipokuwa muungwana wa kupitia getini kwanza.

La mwisho ni uzito, na hapa nitapita mbio. Sensa ina kikomo cha taa inazoweza kubeba, na kwenye boksi utaona mara nyingi namba mbili: kubwa kwa bulbu za zamani, na ndogo zaidi kwa LED. Watu wanashangaa, LED si ndizo zinazokula kidogo? Zinakula kidogo zikishawaka. Zikianza, zinameza umeme kwa funda moja kubwa, na funda hilo linachoma midomo ya rilei, ile swichi ndogo ndani ya sensa, hadi inagandana. Ikigandana, taa haizimiki tena. Kufunga sensa tatu hakuongezi uwezo mara tatu, maana usiku wowote ni sensa moja itakayofunga kwanza na kubeba mzigo wote. Ukiwa na taa nyingi, weka kontakta, swichi kubwa inayovutwa na stima: sensa zote ziamshe kontakta, kontakta ibebe taa.

Mwenye ploti anayesikia haya na kudhani ni gharama za bure, tupige hesabu. Taa sita za wati 50 ni wati 300. Usiku wetu ni karibu saa 12 mwaka mzima. Sensa ikigandana, hizo ni yuniti 3.6 kwa usiku, 108 kwa siku thelathini. Sensa ikifanya kazi yake, tuseme taa zinawaka saa moja kwa jumla kila usiku, ni yuniti 9. Wenye kununua tokeni mnajua tofauti hiyo bila mimi.

Ah, na swichi ya soja. Soja hutaka taa ikae ikiwaka akishuku jambo, na ana haki. Chukua laivu kwenye breka ile ile, ipitishe kwa swichi, ipeleke pale nyaya za taa zinapokutana. Ni kama sensa ya nne, ila hii jicho lake ni la soja. Iweke ndani ya kibanda chake, la sivyo watoto wa ploti wataifanya mchezo.

Nimemaliza dakika zangu, na mwenyekiti ameniangalia mara mbili. Pale nje chini ya mwembe kuna ubao nimefunga sensa tatu, fotoseli na taa mbili. Kuna moja nimeifunga mfululizo makusudi; vijana, nataka mniambie ni ipi kabla hamjagusa kitu. Breka nimeizima kwa mkono wangu na ufunguo wa boksi uko mfukoni mwangu. Asiniwashie mtu.